Mtego umenasa wadudu, misonobari bado kijani. Niamini kipi?

Mlinda_Kivuli

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu.

Natunza shamba la misonobari. Upande mmoja ni miti iliyokomaa, upande wa pili ni michanga iliyopandwa baada ya kuvuna, na katikati kuna kipande kilichopunguzwa miti majuzi, matawi na vilele bado vimelala chini. Wakaguzi wa afya ya mimea wametangaza kwamba mbawakawa wa magome, mgeni kabisa, amenaswa karibu na bohari linalopokea mizigo ya paleti kutoka nje. Wenye mashamba tumeombwa tusaidie kufuatilia. Nikakabidhiwa mtego wa faneli, zile faneli nyeusi zinazoning'inia moja juu ya nyingine na kikombe chini, pamoja na vifuko vya chambo. Maelekezo niliyopewa yote yanaenea kwenye kiganja.

Nimeutundika kwenye tawi la msonobari mkubwa ukingoni mwa shamba, usawa wa kifua. Mwanzoni ulikuwa unanasa nondo, sisimizi na nyuki tu. Wiki hii nimemwaga kikombe nikakuta vidudu vya kahawia iliyokolea, urefu wa milimita 3 hivi, mwili wa mviringo kama silinda, na nyuma ni kama vimekatwa kwa mshazari. Kulikuwa pia na mwingine mkubwa zaidi, mwembamba, ana wekundu kifuani na michirizi myeupe mgongoni. Huyo nimemkuta bado mzima, ameng'ang'ania mmoja wa wale wadogo, anamtafuna shingoni.

Miti yenyewe ukiitazama haina shida, kijani mpaka kileleni. Sasa nimebaki njia panda: niamini mtego au niamini miti? Na je, si kwamba mimi mwenyewe ndiye ninayewaita kwa hiki chambo? Halafu kikombeni niweke nini? Nimesikia maji ya sabuni, nimesikia spiriti, kila mtu na lake. Wenye uzoefu mje huku, natanguliza shukrani.

Kisiki

Pole mkuu. Mimi ningepiga dawa shamba lote nikalala usingizi wangu. Kuhesabu wadudu kwenye kikombe ni kazi ya watu wa maabara.

mama_shoka

Kijana, acha kusoma kwanza, nenda kaushushe huo mtego kwenye huo msonobari. Leo hii. Ukirudi tuendelee.

Haya. Chambo ulichopewa kinaiga harufu wanayoitoa wadudu wenyewe. Kwa jamii ya Ips, mbawakawa wa magome ya misonobari, na ndugu zake, dume ndiye anayetangulia. Anatoboa gome, anachimba kijumba chini yake, kisha anaachia feromoni inayoita majike, na madume wengine nao wanaifuata. Mdudu mmoja hawezi kitu mbele ya msonobari wenye nguvu, utomvu unamzamisha mlangoni. Lakini wakitua mamia ndani ya siku chache, utomvu unaishiwa. Mwito ule ndiyo silaha yao, na wewe umeutundika juu ya mti wako mzuri kuliko yote. Wanaokuja hawaingii wote kwenye faneli. Wengine wanatua kwenye shina la jirani, wanaanza kutoboa, nao wanaongeza mwito wao juu ya ule wa kifuko. Kwa hiyo ndiyo, pale ulipoutundika, unawaita.

Tafuta uwazi, hatua ishirini au zaidi kutoka kwa msonobari wowote ulio hai. Chimbia nguzo ya chuma yenye mkono, au funga kamba kati ya miti miwili isiyo ya jamii hiyo. Kikombe kikae mita moja hivi kutoka ardhini, nyasi za chini uzifyeke, na faneli zinyooke wima kabisa. Zikilala upande, mdudu anayeteleza anadondokea nje. Wala usiufiche kichakani. Harufu inawaleta karibu, ila hatua ya mwisho wanaufuata kwa macho, wanauona mnara mweusi uliosimama kama shina.

Kikombeni usiweke spiriti. Mti uliodhoofika hutoa ethanoli, na kuna kundi zima la wadudu wa mbao wanaoifuata hiyo harufu. Ukiweka spiriti umeongeza chambo cha pili bila kukusudia, utakuja kuhesabu wadudu usiowatafuta. Maji ya sabuni yanafaa kama utapita kila siku. Zaidi ya hapo ni uvundo mtupu na wadudu wanaoza miguu ikadondoka. Weka propilini glikoli, vidole viwili hivi vya kina. Haikauki haraka na inawahifadhi. Angalia isiwe etilini glikoli ya kwenye rejeta, ile ni tamu na ni sumu, mbwa akiinywa umempoteza. Ubavuni mwa kikombe pawe na matundu yenye wavu mdogo, mvua ikijaza maji yatoke, wadudu wabaki.

Vifuko vya chambo vya akiba viweke kwenye friza, vishike kwa glavu, na andika tarehe kwenye kila kifuko siku unapokifungua. Joto likiwa kali vinaisha kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Wengi wanaolalamika "mtego haunasi" wana kifuko kilichokauka zamani.

Yule mwekundu mwenye michirizi usimlaani. Kwa maelezo yako anafanana na Thanasimus, mbawakawa mwindaji. Naye anaijua harufu hiyo, kwake inamaanisha chakula kipo. Mhesabu na umwandike.

Sasa swali lako kubwa. Mtego unakwambia mambo mawili tu: kwamba mdudu yupo akiruka eneo hilo, na kwamba huu ndio wakati anaoruka. Haukwambii ametokea kwenye mti gani. Haukwambii wako wangapi. Na ukiwa mtupu haukwambii kwamba hawapo, maana upepo unaweza kuwa ulikuwa unapeleka harufu upande usio na mdudu. Miti nayo inachelewa kusema. Msonobari uliokwisha vamiwa unaweza kukaa kijani kwa wiki nyingi, hata miezi kukiwa na baridi, huku chini ya gome mabuu yanakula njia zote za chakula. Kisha kilele kinapauka, kinaingia manjano, ndipo wekundu. Ukiona mwekundu, mara nyingi waliomuua wameshaondoka. Mimi siusubiri mti ubadilike rangi.

Chukua kisu na shoka dogo, anza na kile kipande cha matawi yaliyolala chini. Hapo ndipo ningeweka dau langu. Ips grandicollis alipoonekana Australia Kusini mwaka 1943, makao yake yalikuwa mabaki ya ukataji kama hayo. Anazaliana humo kwa raha, na kiangazi kikali kikija au moto ukiunguza shamba, idadi ile iliyokuzwa chini inapanda kwenye miti hai. Geuza matawi manene, tazama upande uliolala kivulini. Tafuta vumbi kwenye mipasuko ya gome, na kwenye utando wa buibui chini ya shina. Utando wa buibui umenionyesha wadudu mara nyingi kuliko mtego, sisemi kwa mzaha. Nenda siku kavu isiyo na upepo. Mvua ikinyesha ushahidi umesafishwa.

Rangi ya vumbi ina maana. Vumbi la kahawia nyekundu limetoka kwenye gome, huyo ndiye wako. Vumbi jeupe, hasa likitoka kama vijiti vyembamba, limetoka ndani ya mbao, na huyo ni wa jamii nyingine anayelima kuvu kwenye mti. Kwenye shina lililosimama angalia pia vidonge vya utomvu vilivyoganda, vyeupe au vya waridi, vyenye tundu katikati. Ila mti wenye kiu hautoi vidonge, hauna utomvu wa kutoa. Kwa huo utaona vumbi tu.

Kisha bandua gome, upige picha kabla hujagusa kitu.

Kisiki, ndugu yangu, dawa unampigia nani? Huyu mdudu maisha yake karibu yote yako chini ya gome. Yai, buu, pupa, wote wamefunikwa. Dawa ya kunyunyizia gome inaweza kumzuia asiingie kwenye mti mmoja wa thamani, ikipigwa mapema na shina zima likalowa. Aliyekwisha ingia haimfikii. Utakaowaua kwa uhakika ni hao wawindaji wake wekundu.

Kisiki

Sawa mama, nimepokea. Basi si aweke mitego hamsini awamalize wote?

mama_shoka

Wamejaribu wakubwa kuliko sisi. Mtego unanasa sehemu ndogo ya wanaoruka, na ukijaza shamba mitego hamsini umejaza mwito hamsini. Acha ubaki kazi yake ya kutoa taarifa.

hadubini_na_kalamu

Nimfuate mama hapo juu kwa upande wa utambuzi, ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Mlinda_Kivuli, huo "mkato wa mshazari" nyuma ni kitu cha maana. Chukua lenzi ya mkononi, ya mara 10 inatosha kuanzia, mlaze mdudu kwenye karatasi nyeupe, mwanga uje kutoka ubavuni. Mtazame kwa juu kwanza. Kama kichwa hakionekani, kimefunikwa na ngao ya kifua, na nyuma pamebonyea na kuzungukwa na miiba midogo, uko kwenye jamii ya Ips na Orthotomicus. Kama kichwa kinaonekana na nyuma pameviringika laini bila miiba, ni jamii nyingine, kwa mfano Dendroctonus, Hylurgus au Hylastes.

Ukishafika kwenye miiba, hesabu ya upande mmoja tu. Ips grandicollis ana 5. Ips calligraphus ana 6. Orthotomicus erosus ana 4, na kwa dume mwiba wa pili ni mpana, umebanwa ubavuni. Lakini usitangaze jina kwa kuhesabu miiba. Ips pini naye ana 4, na wapo wengine. Mwiba wa juu kabisa huwa mdogo kiasi kwamba glikoli ikikauka juu yake unapotea; msuuze mdudu kwa brashi laini ya rangi kabla ya kuhesabu. Nimeona watu wakibishana nusu saa juu ya mwiba uliokuwa tone la uchafu.

Watoe kwenye glikoli, wasuuze kwa maji, waweke kwenye kichupa chenye ethanoli ya asilimia 70. Ndani ya kichupa, narudia, NDANI, weka kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli: mahali, tarehe uliyotega, tarehe uliyomwaga, aina ya chambo, jina lako. Usitumie kalamu ya wino. Wino unayeyuka kwenye ethanoli, na mimi napokea kichupa chenye wadudu wazuri na karatasi tupu ya buluu. Mdudu asiye na mahali wala tarehe hana kazi, hata akiwa wa kwanza nchini.

Na sifuri nazo uziandike. Wiki usiyonasa kitu ni taarifa kamili, ilimradi umeandika mtego ulikuwa umesimama na chambo kilikuwa hai. Bila hizo sifuri hatuwezi kujua ameanza kuruka lini.

Kuhusu kauli utakayoisikia, kwamba "huyu kwao anashambulia miti dhaifu tu": usiitegemee. Dendroctonus valens kwao Amerika Kaskazini ni mdudu wa visiki na miti iliyoumia, mara chache anaua mti wenye afya. Alipogunduliwa China, jimbo la Shanxi, mwaka 1998, mambo yalikuwa mengine kabisa. Akaua mamilioni ya misonobari ya huko. Hamu yake ni sehemu ya chini ya shina na mizizi minene, kwa hiyo anayekagua kwa kutazama juu tu anampita. Mdudu akihama anakutana na mti usiomjua, kuvu wapya na hali ya hewa nyingine, na tabia ya kwao haimfungi.

Jambo la bohari nalo ni la kawaida. Kanuni ya kimataifa ya vifungashio vya mbao, ISPM 15, inataka mbao zipashwe joto mpaka kiini chake kifike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, au zitibiwe kwa njia nyingine iliyoidhinishwa, na ziwe zimemenywa. Gome linalovumiliwa kubaki ni kipande chenye upana usiofika sentimita 3, au kikizidi upana huo, eneo lake lisifike sentimita 50 za mraba. Ukipita karibu na paleti, tazama muhuri, kisha tazama magome. Muhuri upo na gome la kiganja kizima lipo? Hiyo ni simu ya kumpigia mkaguzi.

Mlinda_Kivuli

Wakuu asanteni sana. Mama, mtego umehama, uko uwandani kwenye nguzo, faneli nimezipima kwa timazi.

Nimeingia kwenye kipande cha matawi kama mlivyosema. Juu hakuna kitu. Nikageuza kilele kimoja kinene kama paja langu, upande wa chini gome limejaa vivumbi vya kahawia nyekundu. Nimebandua. Chini yake kuna kijumba kidogo, na kutoka hapo zinatoka njia tatu ndefu zinazofuata urefu wa gogo, safi kabisa, hazina vumbi ndani. Pembeni mwa hizo njia kuna vijia vyembamba vinavyotawanyika kulia na kushoto, hivyo vimejaa vumbi, vinaanza kama uzi na kupanuka kadiri vinavyoendelea. Mwisho wa kila kijia kuna buu jeupe lisilo na miguu, kichwa cha kahawia. Mbao yenyewe ina madoa ya buluu na kijivu kuelekea ndani.

Miti hai ya jirani nimeizunguka, nimeona vumbi kwenye mmoja tu, kwenye utando wa buibui kama mama alivyosema. Miiba nimehesabu 4, lakini baada ya maneno ya hadubini siapi.

hadubini_na_kalamu

Umeeleza vizuri kuliko ripoti nyingi ninazopokea. Njia safi ni alama ya hawa wa miiba: vumbi linasukumwa nje kupitia kijumba. Kwa Dendroctonus ungekuta njia imeshindiliwa vumbi, na kwa valens mabuu yangekuwa yamekaa kundi moja yakila bega kwa bega, hakuna vijia vya mmoja mmoja. Njia tatu kutoka kijumba kimoja maana yake dume mmoja na majike watatu, kila jike na njia yake. Rangi ya buluu ni kuvu waliokuja nao. Inapunguza bei ya mbao, na kwenye mti hai inasaidia kuziba njia za maji.

Ila picha na maelezo havitoshi kumpa jina mgeni wa karantini. Kichupa kifike kwa mkaguzi, pamoja na kipande cha gome chenye mabuu kwenye chombo kilichofungwa vizuri. Usikitume kwa basi kwenye mfuko wa nailoni. Na ujiandae kwa jibu lolote: Orthotomicus erosus aliponaswa kwenye mitego Fresno, California, mwaka 2004, ufuatiliaji ulipopanuliwa alikutwa tayari yuko sehemu nyingi za bonde lile. Mtego wa kwanza kunasa mara chache huwa ndipo alipoanzia.

mama_shoka

Ule mti hai wenye vumbi ufunge utepe, na uandike vumbi liko urefu gani kutoka ardhini. Usiukate mpaka mkaguzi aone. Matawi ya chini ndiyo yana haraka. Kukiwa na joto, kutoka yai mpaka mdudu anayeruka ni wiki chache tu, na wewe umekuta mabuu tayari. Mpigie mkaguzi leo, mwambie umeona mabuu ndani ya mabaki ya ukataji, muulize kama unaruhusiwa kuyasaga hapo hapo. Ukiruhusiwa, saga vipande vidogo, uvitandaze juani, usivirundike chini ya misonobari. Chipsi mbichi za msonobari nazo zina harufu ya kuita.

Endelea kuandika kikombe kila wiki. Idadi ikipanda ghafla baada ya kusaga usishtuke, huenda ni hiyo harufu. Andika tu siku uliyosaga.

Mlinda_Kivuli

Nimempigia. Anakuja kesho asubuhi, amesema nisiguse chochote mpaka afike, na hakuna mti wala kuni kutoka nje ya geti. Kichupa kiko tayari, karatasi ndani, penseli.

Kisiki

Mkuu, na kile kilele kinene kama paja? Nilikuwa nafikiria nije na pikipiki nikibebe, kuni nzuri ile.

mama_shoka

Kisiki!

Kisiki

Nauliza tu mama.

mama_shoka

Ukibeba hilo gogo na magome yake umewapakia wewe, unawashusha kwako. Subiri mkaguzi amalize. Akiruhusu, limenywe pale pale shambani, magome yachomwe au yasagwe, maana wakubwa waliokaribia kuruka wanaweza kubaki hai ndani ya gome lililomenywa. Gogo tupu ndilo uje kulichukua.